Mume na Mke wa Kwenye Televisheni



Katika darsa yetu ya wanawake, tulipokuwa tumemaliza mlango wa haki za mume na mke, mama mmoja wa makamo aliinua mkono akauliza swali ambalo baadhi ya waliokuwapo walilicheka. Alisema: "Maalim, mtu akimlilia asiyekuwako, ana dhambi?" Alipotakiwa afafanue, alieleza ya kuwa binti yake, ambaye ni mke wa mtu na ana mtoto mmoja, alikataa chakula cha usiku siku mbili mfululizo kwa kuwa mume na mke anaowafuata katika mchezo wa televisheni wametengana. "Mimi sicheki," alisema yule mama. "Alipokufa bibi yake hakulia hivyo."

Kicheko kilikatika. Nasi twakiri ya kuwa siku ile hatukuwa na jawabu la kutosha, kwani jawabu la haraka, nalo ni kusema kwamba televisheni ni upuuzi na izimwe, lilikuwa limekwisha kutolewa na kila mtu katika nyumba ile na halikufaa kitu. Tukaahidi tutalitazama jambo lenyewe kisha tuandike. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza yatupasa tubainishe tusemalo. Hatusemi juu ya mtu aketiye saa moja baada ya kazi zake akatazama hadithi, akacheka au akahuzunika, kisha akainuka akaenda zake. Huyo hana tofauti na babu zetu waliokuwa wakikaa barazani wakisimuliwa visa vya Alfu Lela Ulela. Twasema juu ya yule ambaye hadithi imekwisha naye hajainuka. Mwili uko jikoni au dukani, na moyo umebakia kulekule. Anabishana na wenzake kwa simu hata usiku wa manane kama fulani atamrudia fulani. Anawachukia watu wasiopata kuzaliwa kwa sababu wamesimama baina ya wapenzi wawili ambao nao hawakupata kuzaliwa. Na akiulizwa habari za nyumbani kwake, hana la kusema.

Wala tusidhani jambo hili limezuka jana, au kwamba ni maradhi ya wanawake wa pwani peke yao. Mchezo wa Kimarekani uitwao The X-Files ulipoanza mwaka 1993, watazamaji wake walikuja kugawanyika makundi mawili: wanaotaka yule mpelelezi wa kiume, Mulder, na mwenzake wa kike, Scully, wapendane, na wale wasiotaka kabisa. Wakawa wakiandikiana na kushindana kwa miaka, watu wazima wenye elimu na kazi zao. Na huku kwetu, mtaalamu aitwaye Minou Fuglesang alitoa kitabu mwaka 1994 juu ya wasichana wa Lamu, na ndani yake alieleza habari za filamu za Kihindi walizokuwa wakizitazama majumbani kwa mikanda ya video, na jinsi mavazi, mapambo na mawazo ya mapenzi yalivyokuwa yakitoka katika filamu hizo yakaingia katika mazungumzo yao. Wasichana wale hii leo ni mama zetu na shangazi zetu. Basi mama anayemkemea bintiye asisahau alikopita yeye.

Lakini tukio lililo kubwa kuliko yote katika jambo hili, na ambalo wenzetu walioko Ghuba wanalikumbuka vizuri, ni lile la mwaka 2008. Waturuki walikuwa na mchezo uitwao Gümüş, uliotangazwa kwao tangu mwaka 2005 hata 2007, na kwao haukutia fora sana. Kituo cha MBC kikaununua, kikautia sauti za Kiarabu, si Kiarabu cha vitabuni, bali kile wanachosema watu wa Sham majumbani mwao, na majina yakabadilishwa. Gümüş akawa Noor, na mumewe Mehmet akawa Muhannad. Kisa chenyewe ni cha msichana wa shamba aliyeozwa kwa matakwa ya babu wa nyumba ya kitajiri kwa kijana ambaye moyo wake ulikuwa kwa mwanamke mwingine. Mwanzo kijana hamtazami mkewe. Kisha anamjua, anampenda, anamsaidia katika kazi yake, anamsikiliza.

Mchezo ule ukaenea tangu Moroko hata Oman. Usiku wa mwisho wake, mwishoni mwa Agosti 2008, kituo chenyewe kilisema waliotazama walikuwa watu kiasi cha milioni 85. Watu walifunga safari kwenda Istanbul kutazama jumba la kando ya Bosphorus ambamo mume na mke wale walikuwa wakiigiza kuishi. Kijana aliyekuwa Muhannad, Kıvanç Tatlıtuğ, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwanamitindo, picha yake ikauzwa na kutundikwa kila mahali. Na magazeti yakaandika habari za nyumba zilizogombana na hata kuachana, mume amekuta picha ya Muhannad katika simu ya mkewe, au mke amemwambia mumewe, Laiti ungekuwa kama yeye.

Katika mwezi wa Julai mwaka ule, Mufti Mkuu wa Saudi Arabia wa wakati huo, Sheikh Abdulaziz Aal Sheikh, alitoa tamko kwamba haijuzu kuitazama michezo hiyo ya Kituruki, kwa ubaya na upotofu uliomo. Na kweli mlikuwamo ulevi na mimba za nje ya ndoa, tena kwa watu waitwao Waislamu. Lakini tazameni: tamko lilitoka Julai, na mamilioni yale yalitazama Agosti. Miaka kumi baadaye, mwezi wa Machi 2018, MBC iliiondoa michezo ya Kituruki kwa muda, na hapo sababu haikuwa mawaidha, bali uhusiano wa serikali zao ulikuwa umeharibika. Sisi hatumlaumu mwanachuoni aliyefanya wajibu wake. Twasema tu kwamba jambo lililowakamata watu wengi kiasi hicho halikutaka kukatazwa peke yake, lilitaka pia kufahamiwa.

Basi na tulifahamu. Je, moyo wa mtu mwenye akili timamu wamfuatiaje mtu ambaye ajua fika kuwa hayuko?

Wataalamu wawili wa Kimarekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliliandika jambo hili mwaka 1956, siku ambazo televisheni kwao ilikuwa ingali changa. Walieleza kwamba mtu anayemwona mtangazaji au mwigizaji kila juma, kwa saa ileile, uso wake ukiwa karibu na sauti yake ikizungumza kama vile na yeye, hupata hali ya kumjua kama ajuavyo rafiki. Urafiki huo una upande mmoja tu. Yule wa kwenye kioo hana habari kama wewe uko. Lakini moyo haukuumbiwa kioo. Kwa maelfu ya miaka kila uso uliokaribia uso wa mwanadamu ulikuwa uso wa jirani, ndugu au adui, na moyo haujazoea kupambanua. Ndiyo maana mchezo mmoja wa Marekani uliokuwa na daktari wa kuigiza jina lake Marcus Welby, ulioanza mwaka 1969, ulipokea katika miaka mitano ya kwanza zaidi ya barua robo milioni, nyingi katika hizo zikimwomba yule mwigizaji ushauri wa maradhi! Watu wale hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wamemzoea.

Lakini kwa mume na mke wa kwenye televisheni liko jambo la ziada, na twaomba msomaji asimame hapa, kwani hapa ndipo penye kiini cha mambo. Sisi tunapowatazama wawili wale twaona mioyo yote miwili. Twamwona mume akilia peke yake chumbani, na mkewe hajui. Twamwona mke akiificha barua, na mumewe hajui. Twajua kuwa wapendana hata wakati wao wenyewe wamekata tamaa. Hakuna ndoa hata moja duniani tuliyopata kuijua namna hiyo, hata iliyo yetu. Mtu hulala na mkewe kitanda kimoja miaka thelathini, na kilichomo moyoni mwake hakijui illa kwa kuambiwa, na haambiwi illa kwa kuuliza, na kuuliza kwataka uvumilivu na staha na wakati. Mwenye kuzoea kufunuliwa mioyo bila ya kuuliza, taratibu huona uvivu kuuliza. Kisha husema, Mume wangu hana moyo. Moyo anao, ila hana mtu wa kumpigia picha anapokuwa peke yake.

Jambo la pili ni biashara, na hili tutalipita upesi. Katika miaka ya 1930 makampuni ya sabuni ya Marekani ndiyo yaliyokuwa yakizilipia hadithi za kila siku katika redio ili mabibi wa nyumbani wazisikilize pamoja na matangazo ya sabuni, na hata hii leo Waingereza na Wamarekani huziita hadithi za namna hiyo kwa jina la sabuni. Hadithi ikiisha, na matangazo yamekwisha. Kwa hiyo mume na mke wa hadithi hawawezi kuachwa wakae salama. Wakipatana Jumatatu, yafaa wagombane Ijumaa, apatikane mtoto asiyejulikana baba yake, au mchumba aliyedhaniwa kufa arudi. Shahrazadi alikuwa akiikata hadithi alfajiri ili aponye shingo yake. Hawa waikata ili wauze sabuni. Mtu anayekosa usingizi kwa ajili ya mfarakano wa wawili hao ajue kwamba mfarakano huo uliwekwa pale kwa hesabu, ili kesho arudi.

Na tabia inayojengwa kwa hesabu ya namna hiyo yaweza kumpeleka mtazamaji mahali ambapo asingekwenda kwa miguu yake. Twatoa mfano mmoja. Katika mchezo wa Marekani uitwao General Hospital, mwezi wa Novemba mwaka 1981, waliozwa Luke na Laura, na watu kiasi cha milioni 30 walikaa kuitazama harusi hiyo. Wachache walisimama kukumbuka kwamba katika hadithi hiyohiyo, mwaka 1979, yule Luke alimwingilia yule Laura kwa nguvu. Watunzi walipoona watazamaji wawapenda wawili hao pamoja, waliifunika dhulma ile kwa maua. Sisi twauliza: mwanamke akija kwa kadhi leo akasema amefanyiwa hayo, nasi tukamshauri aolewe na aliyemfanyia kwa sababu wanapendeza wakiwa pamoja, tutakuwa watu gani? Lakini moyo uliokwisha kutaka wawili wawe pamoja hautafuti tena haki ya mmoja wao. Hutafuta harusi.

Huenda mtu akasema, Nyinyi watu wa darsa hamjui illa kukataza, na hadithi za mapenzi kwenu zote ni haramu. La, sivyo. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo hadithi ndefu ya Ummu Zar'i, ambayo Bibi Aisha r.a. alimsimulia Mtume s.a.w. Ni kisa cha wanawake kumi na mmoja waliokaa pamoja wakaahidiana kwamba hawatafichana lolote la waume zao. Mmoja akamsema mumewe kwa ubahili, mwingine kwa ukali, mwingine akamsifu kwa ukarimu, hata ikafika zamu ya Ummu Zar'i, naye akamsifu Abu Zar'i kwa namna alivyomtukuza, akamvisha vipuli na kumlisha akashiba, kisha mwishowe akamwacha kwa ajili ya mwanamke mwingine. Akaolewa na mtu mwema aliyempa kila kitu, naye akasema vyote hivyo havifiki chombo kidogo kabisa cha Abu Zar'i. Ni kisa cha mapenzi, chenye waume kumi na mmoja na zaidi. Na Mtume s.a.w., pamoja na mzigo wa umma aliokuwa nao, alikaa akakisikiliza chote, hakumkata mkewe maneno.

Lakini tazameni alichofanya kilipokwisha. Alimgeukia Bibi Aisha akamwambia kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar'i alivyokuwa kwa Ummu Zar'i, na katika mapokezi mengine akaongeza kwamba yeye hatamwacha. Hadithi ilitoka kwa watu wa mbali ikarudi kwa yule aliyekuwa ameketi ubavuni. Haikumhamisha mtu nyumbani, ilimrudisha. Sisi hatukuona kipimo bora kuliko hicho cha kupimia hadithi yoyote, iwe imetoka kitabuni, au kwa bibi mzee, au Istanbul.

Na sheria haikughafilika na nguvu ya sura inayoingia moyoni. Imo katika Bukhari, kwa mapokezi ya Ibn Mas'ud r.a., kwamba mwanamke amekatazwa kumweleza mumewe sifa za mwanamke mwingine hata ikawa kama vile anamtazama. Ikiwa maneno matupu yana hatari hiyo, itakuwaje uso wenyewe, uliopakwa rangi na kuwekewa taa, ukiletwa kila usiku hata kitandani kwa simu? Ayah za Surat An-Nur zilizoamrisha kuinamisha macho zilianza kwa wanaume kabla ya wanawake. Twalitaja hilo kwa sababu wanaume wetu wapenda kulisoma nusu ya pili peke yake.

Na kwa kuwa tumewataja wanaume, na tuseme kweli. Wale walioandikwa mwaka 2008 kuwa wamekasirika kwa ajili ya Muhannad, wangapi kati yao walijiuliza mke wangu ameona nini kwa yule mtu? Si nywele zake tu. Ameona mume anayeuliza, Umechoka? Ameona mume anayekosa akaomba radhi. Hayo hayakuletwa na Waturuki. Katika Surat Ar-Rum Mwenyezi Mungu ametaja mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika dalili zake, na Mtume s.a.w. alikuwa akishona nguo yake na kuwafanyia kazi watu wa nyumba yake. Mwanamke anayemlilia mume wa kuigizwa, mara nyingine analilia haki yake ambayo ameiona mahali pasipokuwa pake. Kumcheka ni rahisi. Na mwanamume anayemcheka aliyemlilia Noor, aangalie hali yake mwenyewe Jumamosi usiku, timu ya mji wa Kiingereza asiopata kuukanyaga inapofungwa, jinsi anavyorudi nyumbani hasemi na mtu.

Liko tukio la mtaani kwetu ambalo hatutataja wenyewe. Mwaka 2019, mizigo ya bandarini ilipoamrishwa ipelekwe Nairobi kwa reli, watu wengi wa Mombasa waliokuwa wakiishi kwa kazi ya kutoa mizigo walikaa bila kazi. Mmoja wao alikuwa kijana karani, aliyeoa karibuni. Hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa shati lake akatoka, akaenda kukaa ufukweni Mama Ngina, na magharibi akarudi. Miezi miwili ilipita hivyo, hata siku mke alipokataliwa mkopo dukani ndipo alipoambiwa na mwenye duka kile ambacho mtaa mzima ulikuwa ukikijua.

Mke alikuja kwetu kulalamika kwamba amedanganywa, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Tulipomuuliza lini mara ya mwisho alimuuliza mumewe habari za kazi, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hurudi saa ya mchezo, Maalim." Ulikuwa ni mchezo wa Maria, ulioanza mwaka huohuo katika Citizen TV, kwa Kiswahili chetu, na hapana nyumba mtaani kwetu ambayo haikuwa ikiujua.

Sisi, twasema kwa kujuta, tulikuwa wepesi kumlaumu mke. Kisha tukamwita mume. Tulimuuliza kwa nini alificha, naye akasema: "Siku ile ya kwanza nilirudi nikiwa nimeazimia kumwambia. Nikamkuta analia. Nikadhani habari zimekwisha kumfikia, nikashukuru, nikakaa naye nikamshika mkono. Kumbe analilia yule kijana wa televisheni. Nikaona haya kumwambia langu." Tukamuuliza, Na siku ya pili? Na ya tatu? Miezi miwili yote ulikuwa ukiona haya? Hapo yeye naye alinyamaza. Mchezo ulichukua saa moja ya usiku. Saa nyingine zote hazikuchukuliwa na Maria. Basi hatukuweza kuitia televisheni kosa lote, ingawa mwanzo tulitamani iwe hivyo, kwani kukilaumu chombo ni kwepesi kuliko kuwalaumu vijana wawili wasiojua bado kuzungumza.

Wakati wa kufikiri mambo haya, mmoja wetu alikumbusha kisa cha Barira na Mughith, nacho ni kisa cha kweli kilichomo katika Bukhari. Barira alikuwa mjakazi, akaachwa huru, na kwa uhuru wake akapewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith au kumwacha. Akamwacha. Mughith akawa akimfuata katika njia za Madina, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume s.a.w. alimwambia ami yake Abbas astaajabie namna huyu anavyompenda huyo, na huyo anavyomchukia huyu. Akamwendea Barira, akamwombea Mughith. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa si amri, ni kuombea tu. Akasema hana haja naye. Na jambo likaishia hapo.

Fikirini, lau kisa hicho kingetiwa mikononi mwa watunzi wa televisheni, kingekwisha vipi? Kila mtazamaji angetaka Barira alainike. Angalirudishwa kwa Mughith kwa mvua na muziki, na watu wangelia kwa furaha. Lakini Barira alikuwa mtu, si sura, na moyo wake ulikuwa wake. Aliyekuwa na haki ya kuamuru hakuamuru. Kupenda watu wawili wawe pamoja ni jambo jema, ni tabia ya wapatanishi. Lakini kwa watu wa kweli huja siku ukaambiwa hapana, na huna budi kuikubali. Hadithi haimwambii mtu hapana ila kwa kumngojesha, na anayekaa miaka mingi katika kungojeshwa na kupewa, akija kuwa wifi au mkwe au mpatanishi, twahofia atawafanyia watu wa kweli alivyozoea kuwatakia wale wa kwenye kioo.

Sasa turudi kwa yule mama na swali lake. Tulimjibu kwamba machozi kwa yenyewe hatuwezi kuyaita dhambi, kwani moyo ulioumbwa na huruma hutikisika uonapo huzuni, hata ikiwa ya kuigizwa, na moyo usiotikisika kwa chochote si wa kuombewa. Ama kuyaacha ya lazima, ikiwa ni sala, au mtoto, au mume, hayo yana hukumu yake inayojulikana, wala hayakuhitaji televisheni ili yawe makosa. Kisha tukamwomba aje na bintiye, tumsikie mwenyewe.

Binti akaja, na mtoto mgongoni. Ni msichana mwenye adabu na mwenye kusoma. Hakubisha. Alipoulizwa kwa nini wawili wale wamemshika kiasi hicho, alisema kwanza kwamba hajui, kisha akasema: "Maalim, mume wangu yuko Doha mwaka wa pili sasa. Hupiga simu Ijumaa, tunasema habari za pesa, ada ya nyumba na mtoto, kisha kadi inakwisha. Hao ndio mume na mke pekee ninaowaona wakizungumza."

Mama yake hakuwa akilijua hilo, na alikaa naye nyumba moja.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar r.a., alipokuwa akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke, mumewe akiwa jihadi. Hakumgongea mlango kumkemea. Alimwendea binti yake Hafsa akamuuliza mwanamke aweza kustahamili muda gani bila mumewe, na kwa jawabu lake, ambalo katika mapokezi mengine ni miezi minne na katika mengine ni sita, akaweka mpaka wa kuwazuia watu jeshini. Tatizo alilolisikia kwa mwanamke alilitafutia dawa kwa wanaume waliokuwa mbali.

Sisi hatuna jeshi wala amri. Lakini tumemwandikia kijana yule barua kwa mkono, tukamweleza hali kwa heshima, pasi na kumtaja Noor wala mwingine yeyote, tukamtaka atazame kama aweza kupata likizo kabla ya Ramadhani, na kama hawezi, apige simu siku nyingine mbali ya Ijumaa, siku isiyokuwa na maneno ya pesa. Barua imepelekwa na msafiri. Jawabu lake bado hatujalipata.